Nilitaka tutunze mazingira nyumbani, sasa mama mkwe amesusa kupika

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu na mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana nilipata uhamisho kutoka Dar es Salaam, tukahamia kwa mume wangu, kijijini Muheza, mkoani Tanga. Tunaishi ua mmoja na mama mkwe. Sisi tuko nyumba kubwa ya bati, yeye ana nyumba yake ndogo pembeni, na katikati kuna jiko la nje la makuti ambalo ni lake tangu alipoolewa.

Huku nimeyaona mambo ambayo mjini nilikuwa nayafundisha tu ubaoni. Alfajiri pikipiki zinashuka na magunia ya mkaa. Vilima vilivyokuwa na miti mume wangu alipokuwa mdogo sasa ni vichaka. Jioni watu wanafagia nyua zao, wanakusanya majani, maganda na nailoni pamoja, wanatia kiberiti, na moshi ule mzito unatuingia mpaka ndani. Nikaona sisi kama familia tuanze kubadilika.

Nikanunua mtungi mdogo wa gesi. Nikachimba shimo la mbolea. Nikakataza kuchoma taka. Nikaandika masharti nikayabandika kwenye mlango wa jiko: tusipike kwa kuni, tusiwashie moto nailoni, tusichome hiki, tusitupe kile.

Hakuna kilichofanikiwa. Gesi iliisha kabla ya mshahara, na kwenda kubadilisha mtungi ni mpaka mjini kwa bodaboda. Mama mwenyewe hausogelei, anasema utalipuka. Shimo linanuka, mbwa wa jirani wanalifukua, mume wangu ameapa atalifukia. Binti yangu wa darasa la sita bado anaamka saa kumi na moja kwenda kisimani, na masika yote maji ya mvua yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye bati mpaka yakachimba mtaro kando ya ukuta.

Lililoniliza ni la majuzi. Kifungua mimba wangu, ana miaka 13, alimkuta bibi yake anawasha moto kwa kipande cha nailoni. Akamwambia mbele ya jirani, "Bibi, mama amesema unatuua na moshi wako." Mama hakujibu. Aliitua sufuria, akamwaga maji, akaingia ndani kwake. Tangu siku ile hapiki. Anakula kwa shemeji yangu, ng'ambo ya barabara. Mume wangu anazungumza nami kwa mkato. Ameniambia kama nataka kuokoa mazingira, nianze na mazingira ya nyumba hii.

Sikumtuma mtoto, Shangazi. Ingawa ni kweli, habari za moshi nimezisema sana. Lakini mama naye si rahisi. Hata pampas za kitinda mimba wangu anazipigia kelele, ananiambia watoto wake wote saba walivaa winda na wakakua. Kila ninalofanya kwake halifai.

Niache tuishi kama wanavyoishi wenzetu? Au kuna namna ya kuibadili familia bila kuivunja?

Mama wa Watatu, Muheza

*

Marahaba, mwanangu.

Usiache. Nalitanguliza hilo kwa sababu barua yako imeishia kwenye kukata tamaa, na jambo unalolipigania ni la haki kabisa. Mto Zigi unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki, huko huko kwenu, ndio unaowapa maji watu wa Tanga mjini. Mti unaokatwa kwenye miteremko ile unamfikia mtu wa mjini ambaye hajawahi kushika shoka, na unamfikia binti yako anayepanga foleni kisimani.

Ila umeanzia pasipo. Umebandika masharti kwenye mlango wa jiko la mwanamke aliyekuwa akipika humo kabla hujamjua mwanawe, na yote ni ya kukataza. Hakuna hata moja linalompunguzia kazi. Karatasi ile kwake ni kama hati ya kumfukuza. Kaibandue leo hii.

Halafu kaombe radhi. Nenda wewe mwenyewe, asubuhi, umkute huko kwa shemeji yako, umpe shikamoo, ukae naye mkekani. Mwambie maneno yale yalitoka kwako na mtoto ameyabeba tu. Usiweke "lakini" mwishoni, na habari za moshi zisitajwe kabisa siku hiyo. Mwanao naye aende siku nyingine, peke yake, na mzigo wa kuni kavu alizozipasua kwa mkono wake. Mama akikataa kurudi, mtafuteni wifi yako mkubwa au mzee wa ukoo anayesikilizwa. Mumeo asiwe msuluhishi, maana yeye ni mtoto wa mmoja na mume wa mwingine, na vyovyote atakavyoamua mmoja wenu ataumia.

Sasa nirudi kwenye ile habari ya pampas uliyoiandika kwa uchungu. Katika yote uliyoyataja, hapo ndipo mkweo alipokutangulia. Pampas ina plastiki ndani yake, na plastiki haiozi. Kijijini hakuna gari la taka. Kwa hiyo ama inatupwa shimoni ikachomwa ikiwa mbichi, ama inatumbukizwa chooni ikajaza shimo la choo kabla ya wakati wake, ama mbwa wanaiburuta mpaka njiani. Mama aliyelea watoto saba kwa winda hakuacha taka ya namna hiyo hata moja. Kamwambie alikuwa na haki. Muulize alikuwa anazifungaje ili zisivuje, anazifua kwa maji kiasi gani, na masika alikuwa anazianika wapi. Najua una kazi ya shule na mikono yako ni miwili, basi mtoto avae winda mchana akiwa nyumbani, pampas zibaki za usiku na safari. Hilo peke yake litapunguza sana.

Nimelisisitiza kwa sababu nyingine pia. Mkweo akikuona unajifunza kwake, na wewe utapata mlango wa kumfundisha. Mtu hachukui neno la anayemwona mchafu.

Kuhusu moshi sitakwambia umwachie tu, kwa sababu unaua kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Lakini mwenye kuumizwa wa kwanza ni huyo anayeinama juu ya mafiga kila siku. Ulimwambia anawaua ninyi, na hukumwambia kwamba unaogopea macho yake na kifua chake. Siku akirudi jikoni, mkishakaa vizuri, lianzishe kwa upande huo. Na jambo moja mkubaliane mapema: kitinda mimba asibebwe mgongoni jikoni wakati moto unawaka.

Kuni hazitaondoka nyumbani kwenu mwaka huu, tusidanganyane. Kinachowezekana ni kuzitumia chache na kwa moshi mdogo. Kuni mbichi hutumia moto wake mwingi kukausha maji yaliyomo ndani yake, ndiyo maana inafuka. Zipasueni nyembamba, mzipange chini ya upenu upepo uzipitie, na za leo ziwe zilikatwa zamani. Sufuria ifunikwe. Kati ya ukuta wa jiko na paa la makuti muache nafasi pande mbili, moshi upate pa kutokea. Mkipata nguvu, mjengeeni mama jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Udongo wa mfinyanzi, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa vinapatikana hapo hapo, na mafundi wa majiko haya wapo. Hapa naomba unisikilize sana: fundi apime matundu kwa sufuria za mama mwenyewe, ile ya ugali na ile ya mboga, ziketi vizuri pasibaki uwazi mkubwa pembeni. Urefu wa jiko upimwe yeye akiwa amesimama au ameketi, vyovyote anavyopenda kupika. Majiko mengi mazuri yamegeuka viota vya kuku kwa sababu mpishi hakuulizwa.

Mtu asije akakushawishi mhamie kwenye mkaa kwa kuwa hautoi moshi. Kwa tanuri la kienyeji la kufukia udongo, kilo 1 ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Na hewa ya mkaa huoni wala husikii harufu yake, lakini katika chumba kilichofungwa inaua watu usingizini. Afadhali matawi makavu ya michungwa mnayopogoa shambani. Masika ijayo chomekeni vijiti vya mgliricidia kwenye mpaka wa shamba. Mti huo unashika kwa kijiti tu, ukikatwa unachipua tena, majani yake mbuzi wanakula na yanarutubisha udongo, na matawi yake ni kuni.

Nailoni nayo ina sababu yake. Mama haiwashi kwa ukaidi. Asubuhi kuna umande, kuni zina unyevu, watoto wanasubiri chai, na kipande cha nailoni kinashika kwa njiti moja. Ukimnyang'anya bila kumpa kingine umemwongezea kazi ya kupuliza. Wewe uko Muheza, mwanangu! Msimu wa machungwa maganda yanatupwa kwa magunia. Yaanike kwenye ungo juani mpaka yakikunjwa yavunjike. Ganda la chungwa lina mafuta, likikauka linashika moto haraka na linanukia vizuri. Lijaze debe, uliweke pembeni ya mafiga, pamoja na vifuu na makumbi ya nazi ya kuupokea moto. Afanye kazi hiyo mwanao wa miaka 13, kila Jumamosi, na ndiye awe anamjazia bibi yake debe. Nadhani hata wewe utaona nailoni inaacha kutafutwa yenyewe.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya sabuni, biskuti na kadhalika bado vinaingia nyumbani. Hivyo vikusanywe vikavu kwenye kiroba, na siku unayokwenda mjini kwa shughuli zako ukakiache panapokusanywa taka. Chupa ziwekwe kando, wanunuzi wapo. Majani na maganda hayana haja ya kuchomwa hata kidogo. Na majivu ya moto uliotiwa plastiki yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha. Majivu ya kuni tupu ni mazuri kwa bustani.

Ule mtungi wa gesi mama anauogopa, na hofu yake ina ukweli ndani yake, usiicheke. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala chini, inasubiri cheche. Kwa hiyo isiingizwe kabisa kwenye jiko la makuti lenye moto wa kuni. Ikae nyumba kubwa, karibu na dirisha, mtungi umesimama wima. Ukiufunga mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Ukiona mapovu yanavimba, unavuja. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa. Mfanyie mama zoezi hilo la povu mbele yake, alione kwa macho. Kisha gesi yenyewe uipangie kazi: chai ya alfajiri, uji wa mtoto, kupasha kiporo. Ukiipikia maharage kila siku lazima ikuishie kabla ya mshahara. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni safari ya miaka, na nyumba yako haikuamriwa kufika kesho.

Maharage nayo yana dawa yake, na hii naipenda kuliko zote kwa sababu haina gharama. Tafuta kapu kubwa la ukindu, litandike blanketi kuukuu au majani makavu ya mgomba, nene, chini na pembeni, na utengeneze mto wa kufunikia juu. Loweka maharage usiku, asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, yachemshe sana kwa nusu saa hivi. Kuchemka huko ni lazima, hasa kwa maharage mekundu, maana yakiiva kwa joto dogo tu bila kuchemka vizuri yanaumiza tumbo. Epua sufuria ikiwa imefunikwa, ifute masizi, iingize kapuni, funika kabisa, usichungulie. Baada ya saa tatu au nne itoe, ionje, irudishe motoni ichemke tena ndipo uunge. Wewe utakuwa umefundisha vipindi vyako, na mama atakuwa ameketi barazani badala ya kuchochea moto. Wali nao unamalizikia humo vizuri sana.

Shimo lako linanuka kwa sababu umetia mabichi matupu. Maganda, mboga na masalio ya chakula vikirundikana bila vikavu, hewa haipiti na vinaoza vibaya. Kila ukitia tabaka la maganda, tia juu yake majani makavu mengi zaidi, halafu samadi kidogo ya mbuzi au kuku, halafu udongo kiasi. Liwe na unyevu, lisiwe tope. Ligeuze mara kwa mara. Nyama, mifupa, samaki na ugali wenye mchuzi visiingie humo, ndivyo vinavyoita mbwa. Ugali wape kuku. Maganda ya machungwa yanachelewa kuoza, basi yakate madogo, mengine yawe ya kuwashia. Lizungushie miti au mabati makuukuu. Baada ya miezi miwili au mitatu utakuta udongo mweusi usionuka, na mbolea ya kwanza uimwage kwenye mchicha wa mama.

Limebaki la mumeo. Amekuambia maneno makali na nimeyasikia, lakini mbona katika barua nzima sikuona kazi hata moja aliyoishika yeye? Kuni ni za mama, maji ni ya binti, shimo na gesi ni vyako. Familia haibadiliki kwa mikono ya wanawake na watoto peke yao. Winda zinataka maji, na maji yapo juu ya bati lenu. Mpe hesabu hii, akae nayo: milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba 1 ya paa ni lita 1. Kama nyumba ina upana wa mita 8 na urefu wa mita 10, mvua moja ya milimita 20 inaangusha lita 1,600. Hata ikipotea robo nzima, simtanki la lita 1,000 limejaa na kumwagika. Afunge gata upande mmoja kwanza, aliinamishe kidogo kuelekea kwenye simtanki, aweke wavu mdogo mdomoni mbu wasizaliane humo. Mvua za mwanzo wa msimu aziache zipite nje zioshe vumbi na mavi ya ndege. Ya kunywa mchemshe kama kawaida.

Akikuambia hela hakuna, fungua daftari mbele yake mjumlishe mnachotumia kwa pampas kwa mwezi, mtoe zile za mchana. Kiasi hicho cha pampas za mchana kitengwe kila mwezi kwa ajili ya gata, kisha simtanki, na ikiwezekana upande wa kwanza uwe umefungwa kabla ya vuli.